Usukani Mwepesi kwa Gari Kuukuu: Kazi ya Uani na Kazi ya Fundi

Neno usukani lilikuwa la bahari kabla halijawa la barabara. Manahodha wa pwani yetu waliita usukani ule ubao mzito uliofungwa tezini mwa chombo, nao Waarabu waliosafiri nao kwa pepo za msimu huuita sukkan hadi leo. Gari lilipotufikia hatukuhitaji kutunga neno jipya. Tulilichukua lililokuwapo, kwa kuwa kazi ni ile ile: mkono wa mwanadamu kuelekeza kitu kizito kuliko nguvu zake. Msukani wa jahazi alisaidiwa na urefu wa kana. Dereva wa gari kuukuu husaidiwa na upana wa duara alilolishika na meno ya chuma yaliyofichwa ndani ya boksi, na mzigo ukizidi, misaada hiyo haimtoshi.

Tumeulizwa jambo hili zaidi ya mara moja, na aghalabu waliouliza ni akina mama. Baba wa nyumba yuko ughaibuni kwa kazi, gari la shamba limebaki uani, na anayelitia ufunguo ni mke. Gari lenyewe ni zima, injini yalia vizuri, lakini usukani wake ni adhabu. Je, yafaa kubadilishwa? Na je, kazi hiyo yaweza kufanyiwa nyumbani? Twajibu kwamba yafaa, na kwamba sehemu yake kubwa yaweza kufanyiwa nyumbani. Ila iko sehemu ndogo ambayo haifai kabisa, na hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tuchukue mfano wa gari tunalolijua. Land Cruiser ya mfululizo wa 40 iliundwa tangu mwaka 1960 hadi 1984, na zingali nyingi mashambani. Pikapu yake ndefu ya dizeli, HJ47, ina injini ya 2H yenye silinda 6 na ukubwa wa takriban lita 4. Injini hiyo ya chuma kizito imekaa juu ya ekseli ya mbele, na magurudumu hayo ya mbele ndiyo yanayogeuzwa. Mwenye gari akivisha matairi mapana kuliko yale ya kiwandani, uzito waongezeka. Akipunguza upepo wa matairi ili apite kwenye mchanga, waongezeka tena. Gari likiwa katika mwendo hujisaidia. Likisimama, dereva hubaki na mabega yake.

Usukani wa msaada, ambao mafundi wetu huuita pawa stering, si uvumbuzi wa jana. Mmarekani Francis Davis aliubuni katika miaka ya 1920, na gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa nao lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Ufanyaji kazi wake ni wa kupendeza. Injini huzungusha pampu, ama kwa mkanda ama kwa gia, na pampu husukuma mafuta kwa paipu ya presha hadi kwenye boksi la usukani. Ndani ya boksi mna kijiti chembamba cha chuma ambacho hujipinda kidogo sana dereva anapoanza kugeuza. Kujipinda huko hufungulia mafuta njia ya kwenda upande mmoja wa pistoni, nayo pistoni husukuma kuelekea huko huko anakotaka dereva. Akiacha kugeuza, kijiti hunyooka, na mafuta hurudi mkebeni bila ya kusukuma chochote. Hata pampu ikifa, chuma bado kimeungana na chuma, na gari lingali lageuka. Ila kwa uzito. Jambo hilo la mwisho tutalirudia, kwa sababu yeyote atakayeendesha gari la namna hii hana budi kulijua kabla ya siku ya kulihitaji.

Mpwa wetu hufanya kazi Doha, na mwaka aliokuja na likizo ya siku 45 alikusudia kuifanya kazi hii. Gari ni hilo hilo, HJ47. Mkewe hulipeleka shambani kwa njia ya Marafa, hurudi na maembe, na pale Mambrui wanapoishi amekuwa mtu wa kugongewa mlango usiku kila panapokuwa na mgonjwa wa kufikishwa Malindi. Bega lilianza kumuuma, kisha kidole gumba cha mkono wa kulia kikavimba. Tulipomuuliza shida iko wapi alisema, “Mjomba, barabarani sisumbuki. Nasumbuka pa kugeuza, gari limesimama na watu wananitazama.”

Kuhusu kidole gumba, somo lake ni jepesi na halina gharama. Katika gari lisilo na msaada, gurudumu likipiga jiwe usukani hujirusha, na mkono wa usukani ukikikuta kidole gumba ndani ya duara hukipiga kwa nguvu za kuvunja. Kidole gumba na kikae juu ya ukingo pamoja na wenziwe, kisizunguke ndani. Madereva wa zamani wa Land Rover walifunzwa hivyo, na ni hasara kwamba somo hili limesahaulika.

Siku ya kwanza mpwa wetu hakufungua nati hata moja, nasi twamsifu kwa hilo. Usukani mzito si lazima uwe umekosa pampu; wakati mwingine ni mgonjwa. Upepo wa matairi ukipungua pasipo kujulikana, viungo vikikauka grisi, bearing za pale gurudumu linapogeukia zikikazwa kupita kiasi au zikiliwa na kutu, usukani huwa mzito, na pawa stering ikifungwa juu ya maradhi hayo itayaficha tu. Uchunguzi wenyewe ni kazi ya watu wawili na hauhitaji chombo chochote. Gari lisimame chini, juu ya magurudumu yake, injini imezimwa na magurudumu ya nyuma yamewekewa mawe. Mmoja akae kwenye kiti, ageuze usukani kidogo kulia na kidogo kushoto bila kuchoka. Mwingine alale chini upande wa mbele, atazame kila kiungo na kukishika kwa mkono. Kiungo kizima husogea pamoja na mwenziwe kwa wakati mmoja. Kiungo kilichokwisha husita, hubisha, kisha hufuata. Aliyekaa kitini alikuwa binti yao wa miaka 11, akageuza nusu saa nzima kwa furaha. Katika viungo sita vya fimbo za usukani wa gari lile, viwili vilikuwa vimekwisha kabisa.

Hapa tupenyeze neno juu ya shokabzoba ya usukani, ile inayofungwa ili kuzuia usukani kutikisika. Ni kitu kizuri, na wauzaji huipenda kwa kuwa ni rahisi kuuza. Lakini magurudumu ya mbele yakianza kucheza ghafla kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa hadi gari zima likatetemeka, aliyenunua shokabzoba na kuacha viungo vibovu amenunua pazia tu.

Sasa boksi lenyewe. Land Cruiser ya mfululizo wa 60 iliingia sokoni mwaka 1980, na ile iitwayo HJ60 ilitumia injini ya 2H kama ya pikapu hii. Kwa hiyo pampu yake hukubali injini ya HJ47, na boksi lake, ingawa halikuundwa kwa fremu hiyo, laweza kukalishwa. Mpwa wetu alikuwa ameshaona mabosi kama hayo Sharjah, ambako kuna spea kuukuu za Land Cruiser kwa wingi na kwa bei inayotamanisha. Fundi mmoja mzee wa Malindi alimkanya kwa simu kabla hajalipa: magari ya Ghuba yana usukani upande wa kushoto, na letu ni la kulia. Boksi la kushoto halina mahali pa kukaa kwetu. Onyo hili lawahusu wengi wenye jamaa wanaorudi na mizigo, na lawahusu pia vijana wanaosoma maelekezo ya Wamarekani, ambao nao hukaa kushoto.

Iko hatari kubwa kuliko hiyo ya kushoto na kulia. Boksi likifungwa kwa mkao usiokuwa wake, mkono wake ukatazama nyuma badala ya mbele, au likahamishwa kutoka nje ya fremu hadi ndani, laweza kugeuza magurudumu kinyume: dereva ageuza kulia, gari laenda kushoto. Kwa hiyo kabla ya kutoboa tundu lolote, boksi hushikizwa mahali pake kwa kamba au kibanio, usukani ukageuzwa, na mkono wake ukatazamwa unaelekea wapi. Ni kazi ya dakika mbili.

Boksi la usukani wa kulia lilipatikana Mombasa kwa muuzaji mmoja aliyeapa kwamba halijafunguliwa tangu Japani. Lilikuwa limelowa mafuta shingoni. Boksi linalovuja laweza kupona kwa kubadilishwa sili zake, lakini kazi hiyo yataka usafi na vipimo, na uani penye mchanga na kuku si mahali pake. Lilipelekwa kwa fundi wa mabosi, likafunguliwa, likavishwa sili mpya, likajaribiwa kabla ya kurudi.

Kazi ya nyumbani ilianza hapo, nayo ni nyingi. Kuondoa boksi la zamani, fimbo zake na ule mkono wa katikati ulioko mbele, kusafisha fremu mpaka chuma kionekane, kutafuta nyufa. Gari liliinuliwa likawekwa juu ya stendi za chuma, maana jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Mkono wa boksi haung'olewi kwa nyundo, kwani kila pigo hufika kwenye bearing zilizomo ndani. Hutumiwa kivutio chake, ambacho gereji nyingi hukikodisha. Kabla ya kung'oa, hutiwa alama ya rangi ili uonekane ulivyokuwa umekaa.

Fremu ya Land Cruiser ni bomba la pembe nne lililo wazi ndani. Bolti ndefu ikipitishwa humo na kukazwa, kuta za fremu hubonyea kuelekeana, na baada ya miezi bolti hulegea yenyewe. Dawa yake ni kupitisha kipande cha bomba nene ndani ya fremu, bolti ipite ndani ya bomba hilo, na nje kufungwa bamba la chuma la kutawanya nguvu. Kazi ya kuchomelea mabomba hayo alipewa mchomeleaji mwenye mashine nzuri na mkono unaojulikana, aliyeitwa nyumbani kwa siku moja.

Fimbo ndiyo iliyoleta mtihani. Mfumo mpya hauhitaji ule mkono wa katikati. Fimbo moja hutoka kwenye boksi moja kwa moja hadi gurudumu la upande wa pili, na viungo sita vikawa vinne, jambo ambalo peke yake ni faida. Lakini fimbo iliyokuja na boksi haikulingana kwa urefu. Zilikuwa zimebaki siku tisa za likizo. Majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na rai yake (manahodha wengi, chombo huenda mrama), na rai iliyokubalika zaidi ilikuwa rahisi: fimbo ikatwe katikati, iunganishwe kwa kuchomelea, kesho gari litembee. Mwenye kusema hakuwa mjinga. Alikuwa amewahi kuona gari lililofanyiwa hivyo likatembea miaka.

Mkewe alikuwa akileta chai. Aliweka sinia, akasema, “Wewe utakuwa Doha. Juu ya hiyo kona ya mtoni nitakuwa mimi na wanao.”

Hapakuwa na mjadala tena. Sisi tungesema lile lile kwa maneno mengi zaidi. Chuma cha fimbo na mikono ya usukani kimetiwa ugumu wake kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Kukipasha tena moto ili kukipinda au kukiunga hukibadilisha tabia, na jicho halioni kilichobadilika. Kiungo cha injini kikivunjika gari husimama. Fimbo ya usukani ikivunjika gari haliisimami. Laendelea, na dereva ameshika duara lisiloungana na kitu. Kwa hiyo fimbo isikatwe na kuunganishwa uani, mkono wa boksi usipindwe kwa moto, na shafti itokayo kwenye duara isichomelewe kienyeji. Shafti huunganishwa kwa vipande vyenye meno vilivyoundwa kwa kazi hiyo na viungo vya krosi. Mpwa wetu alipeleka vipimo kwa fundi wa kukereza chuma, aliyetengeneza fimbo mpya kwa paipu nene isiyo na mshono, akaitia nyuzi ncha zote mbili za kupokea viungo vya Toyota, upande mmoja nyuzi za kulia na upande wa pili za kushoto, ili urefu uweze kurekebishwa. Ilichukua siku sita. Tuseme ukweli, zilikuwa siku ndefu nyumbani mle.

Ilipofika, mambo yalikwenda upesi. Boksi hukalishwa likiwa katikati ya mzunguko wake hali magurudumu yametazama mbele, kwa sababu boksi limeundwa liwe imara zaidi pale pa katikati, ambapo dereva hukaa muda mwingi wa safari. Kisha usukani hugeuzwa hadi mwisho kulia na mwisho kushoto, na kutazamwa kwamba bolti za ukomo zilizoko kwenye ekseli ndizo zinazosimamisha magurudumu, si boksi lenyewe kugonga mwisho wake wa ndani. Hapo hapo hutazamwa paipu za breki zisivutwe wala kusuguliwa. Kila nati ya kiungo ina tundu la kupitishia pini ya waya inayokunjwa ncha. Pini ni mpya kila mara, na nati isiyo na pini haijafungwa.

Kisha mafuta. Land Cruiser hizi hutumia mafuta ya gia za otomatiki, aina ya Dexron, na rangi yake ni nyekundu. Tunawaomba akina mama wasome mstari huu mara mbili: ni nyekundu kama Vimto. Yasimiminwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji, hata kwa dakika kumi, na yaliyomwagwa yasiachwe ndani ya bakuli uani. Mtoto mwenye kiu haulizi.

Mafuta hujazwa mkebeni, magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, na usukani hugeuzwa polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi, mkebe ukiongezwa kila unapopungua. Ndipo injini huwashwa. Povu mkebeni ni dalili kwamba hewa ingali ndani. Hupumzishwa na kuanzwa tena. Usukani usishikiliwe mwishoni kwa zaidi ya sekunde tano, kwani pampu hupata moto. Uvujaji usitafutwe kwa vidole. Presha ya paipu ile yaweza kuzidi upepo wa tairi mara 30, na mafuta yatokayo kwenye kitundu kama cha sindano hupenya ngozi yakaingia mwilini. Jeraha lake huonekana dogo, nalo ni la kukimbiziwa hospitali. Hutumika kipande cha boksi la karatasi, kikipitishwa karibu na paipu.

Gari likaenda kupimwa ulinganifu wa magurudumu. Kampuni ya bima ikaarifiwa kwa barua, kwa kuwa gari lililobadilishwa bila ya bima kujua laweza kuleta ubishi siku mbaya. Ukaguzi wa magari ni dhamana ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA; ni vyema kuuliza kwao kabla ya kazi kuliko baada yake.

Aliyelijaribu kwanza alikuwa mke, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa mikono ya kupimia ni ya yule atakayeendesha. Walikwenda uwanja mtupu, mumewe ubavuni. Kwa mwendo wa mtu anayetembea alizima injini bila ya kung'oa ufunguo, maana katika baadhi ya magari ufunguo ukitolewa usukani hujifunga. Akauona uzito unavyorudi ghafla, akaona na breki zinavyokuwa ngumu, akaligeuza gari hivyo hivyo mpaka likasimama. Alifanya mara nne. Barabarani lilimjia tatizo asilolitarajia: gari lilikuwa jepesi mno mkononi. Mkono uliozoea kuvuta kwa nguvu huvuta kupita kiasi, na kwa mwendo wa kasi hilo ni hatari. Wiki ya kwanza hakuzidi kilomita 50 kwa saa.

Mpwa wetu alisafiri siku tatu baadaye. Bolti zote zilikazwa tena baada ya siku ya kwanza, na tena baada ya wiki, kwa orodha aliyoiandika mwenyewe na kuiacha mfukoni mwa mlango wa gari. Mkebe wa mafuta hutazamwa kila Ijumaa asubuhi. Mwezi wa pili binti yule wa miaka 11 aliona tone jekundu mchangani, chini ya paipu ya kurudishia mafuta. Mama yake alilifuata hadi kwenye klipu iliyolegea, akanunua nyingine Malindi, akaifunga mwenyewe kwa bisibisi.